Saini yangu kwenye kaye za watoto wa wenzangu

Jumatano, mwezi wa kumi. Mvua ndogo tangu asubuhi, ile isiyojaza ndoo lakini inalowesha kila kitu. Ukungu umefunika ziwa.

Hivyo ndivyo ukurasa wa siku ile unavyoanza kwenye daftari langu.

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni mama wa Bukavu, nasoma nyuzi zenu siku nyingi bila kuandika. Kiswahili changu ni cha kwetu, kifaransa kinaingia humo bila kubisha, mutanivumilia. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primaire, basi. Nitasema mambo jinsi yalivyokuwa, na pale ambapo sina hakika nitawaambia sina hakika.

Nimeona humu uzi wa wazazi wanaolalamika masharti ya shule: mutoto avae hivi, anyolewe hivi, mzazi asaini kila siku. Wengine wanasema walimu wanajifanya wafalme. Nilitaka kujibu mistari miwili. Nikaona haitoshi.

Ilikuwa mwaka wa pili wa vita ya pili ya Kongo. Mji ulijaa askari, lakini mwezi wa tisa shule zilifungua kama kawaida. Watu wa inje wanashangaa jambo hili. Vita iko, na mutoto anapigiwa pasi shati nyeupe.

Binti yangu Riziki alikuwa mwaka wa tatu, shule moja ya Ibanda ambayo sitaitaja. Directeur, mkuu wa shule, akaita wazazi. Tulikaa kwenye benchi za watoto, magoti yamefika kifuani, akatusomea règlement, masharti ya shule, kwa kifaransa kisha akaieleza kwa kiswahili.

Nywele fupi. Shati nyeupe, chini bleu. Mlango unafungwa saa moja na nusu, anayechelewa anarudi nyumbani. Mzazi haingii darasani.

Halafu mbili alizokazia.

Ya kwanza, kila mutoto ana kaye, daftari ya mawasiliano. Mwalimu anaandika humo, mzazi anasoma jioni na kusaini. Saini ile ile ya ukurasa wa kwanza, mwaka muzima.

Ya pili, fujo ikianza, mutoto hatolewi mlangoni ila kwa yule aliyesaini ukurasa wa kwanza.

Papa mmoja akauliza, "Na kama ni tonton wake, mjomba wa damu?"

Directeur akasema, "Papa, vita ya kwanza nilitoa watoto kwa matonton wa damu. Kuna mmoja tulimutafuta wiki tatu. Musikuje kubishana na mimi kwenye mlango."

Hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe niliona ana haki, na mpaka leo naona hivyo.

Basi, karatasi ya mahudhurio ikapita. Mama mmoja mzee, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu, hakujua kuandika, akachora msalaba. Papa aliyekaa karibu naye akachungulia.

"Maman, unazika nani hapa?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Ninaandika hili kwa sababu ningeweza kuliacha na hakuna ambaye angejua.

Jioni ile ile mzaha ulikuwa umeshafika mtaani, na majirani wakaanza kuja kwangu. Kwenye mtaa wetu wa mlimani, kati ya wanawake, mimi ndiye niliyeshika biki bila kutetemeka. Majirani wanne, watoto sita. "Mama Riziki, unisainie na mimi. Sitaki watu wanicheke."

Nikasaini kurasa za kwanza zote. Pale palipoandikwa mzazi ao mwenye kuchunga mutoto, niliweka jina langu. Shuleni hakuna aliyeshangaa. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa na watoto wa ndugu waliokimbia, mwanamke mwenye watoto saba hakuwa habari.

Kila jioni watoto wakawa wanapanga kaye zao juu ya meza yangu. Mume wangu alikuwa akipita anasema, "Bureau imefungua." Alisema kwa mzaha, lakini mimi nilipenda. Miaka yote nilikuwa na haya ya kuacha shule, na sasa watu walinisubiri na biki. Nafikiri nilisaidia. Nafikiri pia nilijisikia. Sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Na jambo jingine, hili ni gumu zaidi. Nilisaini, sikusoma. Kifaransa cha walimu kilikuwa kirefu kwangu. Nilitambua maneno kama chaki, kalamu, kesho. Mengine niliyaruka. Kusema "sielewi" mbele ya watoto sita sikuweza.

Mmoja wa watoto hao aliitwa Ansima, mwaka wa pili, miaka saba. Baba yake alikwenda Shabunda kwenye dhahabu na habari zake zilikatika. Mama yake, Mama Ansima, aliuza makala, makaa ya kupikia. Alitoka asubuhi kabla ya mwangaza kwenda Kavumu kwa lori kununua, akarudi jioni amechoka, uso mweusi na vumbi. Shuleni hakuwahi kufika hata mara moja. Siyo kwa kutojali. Saa za shule ndizo zilikuwa saa za makala.

Sasa Jumatano.

Saa ine hivi asubuhi tukasikia masasi, risasi za bunduki, upande wa chini. Kwanza moja moja, kisha mengi. Nani alimpiga nani sijui, na watu waliojifanya kujua siku ile walisema mambo matatu tofauti.

Niliacha sufuria motoni nikateremka kwa njia ya ngazi, ile ya kupita katikati ya nyumba za watu, kwa sababu barabara ilikuwa wazi mno. Udongo uliteleza. Nilianguka mara mbili, kiatu kimoja nikakiacha huko.

Shuleni walimu walikuwa wamewalaza watoto wote chini madarasani. Hakuna mutoto aliyelia kwa sauti, nawaambia ukweli, ilikuwa kimya kuliko misa. Mlangoni alisimama directeur na Madame Régine, mwalimu wa Ansima, na kaye zote zimepangwa ndani ya karton. Kila mzazi anasaini kwenye karatasi, wanalinganisha na ukurasa wa kwanza, wanaita mutoto. Masasi yanalia na wao wanalinganisha. Wazazi waliwatukana. Mimi sikutukana, nilikuwa nahema tu.

Nikataja majina saba. Nikaanza kusaini.

Nilipofika kwa Ansima, Madame Régine akaniambia, kwa sauti ya mutu aliyefanya kazi yake vizuri:

"Huyu mumuchunge sana, Maman. Kuna mwanamke amekuja sasa hivi kumuomba. Alisema ni mama yake. Tumemupa biki, akachora msalaba. Tumemukatalia."

"Amekwenda wapi?"

"Tumemwambia alete mwenye kusaini. Amepanda kwa barabara."

Nilielewa palepale. Lori la Kavumu lilikuwa limerudishwa njiani, na Mama Ansima alikimbilia shuleni moja kwa moja, akafika kabla yangu. Sasa alikuwa anapanda kunitafuta mimi, kwenye barabara ya masasi, na mimi nilikuwa nimeteremka kwa ngazi.

Wakuu, hapa nisomeni polepole.

Ningeweza kusema, "Madame, yule ni mama yake wa kweli, mimi ni jirani." Lilikuwa neno fupi. Lakini nikisema hivyo, wale watano wengine nao siyo wangu. Angefunga karton, na kwa règlement angekuwa na haki. Mama zao walikuwa wapi sikujua. Na Riziki wangu alikuwa ameshasimama ananishika kikwembe.

Nikasema, "Asante, Madame."

Nikasaini. Saini ya Ansima ikatoka mbaya kuliko zote, wakaikubali.

Nimejiuliza miaka mingi kama nilinyamaza kwa ajili ya watoto sita, ao kwa kuogopa kuonekana muongo mbele ya Madame. Siku nyingine najibu hivi, siku nyingine vile.

Tulipanda kwa ngazi tumeshikana mikono, mimi mbele, Riziki nyuma. Ansima aliuliza mara moja tu, "Mama yangu hajafika?" Nikamwambia yuko nyumbani.

Hakuwa nyumbani. Mume wangu akasema, "Mama Ansima alikuja hapa mbio. Nimemwambia umekwenda shuleni, akarudi chini."

Kwa njia gani? Barabara.

Mama wengine walifika mmoja mmoja, wakachukua watoto wao, wakanishukuru. Mmoja akasema, "Mungu akuzidishie." Nilitaka anyamaze.

Masasi yalikoma karibu saa nane. Mama Ansima alifika saa kumi, amelowa, hana kitambaa kichwani. Alimukamata mutoto, akampapasa mikono, miguu, mgongo, kama mutu anayehesabu. Halafu akakaa kwenye kizingiti. Alikuwa amelala chini nyuma ya ukuta wa kanisa muda wote ule, kisha akafika tena shuleni.

"Directeur ameniambia, 'Ansima ameisha kwenda na mama yake.' Nikamwambia, mama yake ni mimi. Akanifungulia kaye. Jina lako iko pale kila siku, Mama Riziki. Mimi siko hata siku moja."

Nikamwambia anisamehe. Alitoa kaye kwenye mkoba wa Ansima, akaniwekea magotini.

"Wameandika nini humu?"

"Mambo ya shule tu."

"Soma."

Nikasoma. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilisoma kama mutoto, kidole chini ya neno, na mume wangu, aliyefika mwaka wa sita, akanisaidia pale nilipokwama. Kulikuwa na habari za chaki na za kunyoa. Na kulikuwa na maneno matatu, ya majuma tofauti, yanayosema karibu kitu kimoja. Kwamba Ansima haoni vizuri ubao. Kwamba awekwe mbele, lakini hata mbele haoni. Kwamba mama aje waongee, kuna masista waliokuwa wanapima macho bure.

Chini ya kila moja, saini yangu. Nzuri, na mkia wake.

"Masista hao wako bado?" akauliza.

Mume wangu akatazama tarehe. "Waliondoka juma lililopita."

Mama Ansima akarudisha kaye ndani ya mkoba. Akasema bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira: "Ningeuliza mutu wa njiani angenisomea. Lakini nilijua wewe umesoma."

Juma lililofuata shule ilipofungua nilikwenda kwa directeur kusema ukweli. Alikasirika. Alisema nilimfanya atoe watoto sita kwa karatasi ya uongo, siku ambayo aliweka mwili wake mlangoni ili jambo hilo lisitokee. Nilisema ndiyo. Kisha nikamuuliza, kama yule mama angechora msalaba wake tangu ukurasa wa kwanza, wangempa mutoto?

Akashangaa. "Lakini bila shaka. Msalaba ni saini. Nani aliwaambia hapana?"

Hakuna aliyetuambia hapana, wakuu. Hakuna sharti lililokataza. Papa mmoja alifanya mzaha, tukacheka, na mtaa muzima ukaona haya. Hilo tulilitii kuliko règlement yenyewe.

Akaita wale mama wanne, kila mmoja akachora alama yake mbele ya mwalimu. Mama Ansima alipoteza siku nzima ya makala ili aje. Madame Régine alimwomba radhi, naye akasema, "Madame, wewe ulichunga." Macho ya Ansima yalipimwa baadaye sana, Katana, kwenye hospitali ya misheni. Alipata miwani. Mwaka ule alirudia darasa. Yote hayo siwezi kuyabeba mimi peke yangu, shule ilifungwa mara nyingi, lakini sehemu yangu naijua.

Somo langu ni dogo, sijui kama linafaa kuitwa somo. Sharti la shule linalokuchosha, kwanza uliza limetoka wapi. Mara nyingi kuna mutoto aliyepotea nyuma yake. Na karatasi ya mutoto usiyoielewa, usiisaini kwa haya. Peleka kwa mutu, sema, "Hii sielewi." Inauma kidogo, inapita. Na wewe mwalimu unayesoma hapa, mzazi asiyefika usimuandikie mara tatu. Tuma mutu.

Aliye na maoni aandike. Aliye na hasira na mimi pia aandike, nitasoma pole pole lakini nitasoma. Nataka hasa kusikia kwa mutu aliyewahi kusimama pale mlangoni na kaye mikononi: ningesema neno lile fupi, ungefanya nini?

Mwisho wa kila ukurasa mimi huandika tulichokula. Siku ile nimeandika: bugali ya muhogo, samaki sambaza kidogo, majani ya maboga bila mafuta. Mama Ansima alikula na sisi kwa sababu makala iliyobaki kwake yote ilikuwa imelowa, hakuweza kuwasha moto. Alimega tonge ya kwanza, akaipoza kwa pumzi, akampa mutoto wake.