Darubini ya vioo vyekundu imenikosanisha na baba, na Jumatatu gari la kazi linaondoka

Jana Alhamisi msimamizi wa kambi ya uwindaji alinipigia simu. Alisema gari la wafanyakazi litapita Muleba mjini Jumatatu saa moja asubuhi, na nisipopanda nikiwa na darubini ya maana, nafasi yangu atapewa mtu mwingine. Hakugomba. "Macho yako nayaamini," alisema. "Hicho kidude chako sitaki kukiona tena."

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto watatu. Msimu wa uwindaji naajiriwa na kampuni ya uwindaji wa kitalii, kwenye kitalu kilicho nje ya mkoa wetu. Kazi yangu ni kufuata nyayo na kumtambua mnyama kabla mgeni hajafyatua risasi: ni wa aina gani, dume au jike, mzee au kijana. Kibali hutaja mnyama, na mgeni hupiga kwa neno langu. Msimu ukiisha narudi kwenye kibanja, lakini migomba yetu imepigwa na mnyauko, tumeing'oa karibu yote. Bila kazi hii hatuna kitu. Hata dawa za presha anazokunywa tata, yaani baba yangu mzazi, zinatoka huko.

Kila mfuata nyayo hujinunulia darubini yake. Ya zamani ilidumbukia mtoni, nikaenda kutafuta nyingine Bukoba kwa hela kidogo niliyokuwa nayo. Pale mtaa wa Kashai muuzaji alinionyesha moja kubwa, imeandikwa sitini kwa sitini, vioo vyake vyekundu kama miwani ya disko. Alisema wekundu huo ni wa kuonea gizani, na kwamba inavuta mpaka Uganda. Nikaomba kuijaribu. Tulishuka ufukweni saa saba mchana, jua kali, nikaielekeza kwenye kisiwa cha Musira. Niliona watu wanaanika nguo. Nikalipa palepale.

Sikujiuliza nitaitumia saa ngapi. Wanyama hutoka kunywa alfajiri, na alfajiri kioo kile kilikuwa kama maji ya udongo. Alfajiri moja mgeni alikuwa na kibali cha tohe, swala wa kwenye matete. Pembeni ya matete alisimama dume, kichwa kimezama kwenye majani. Niliona rangi ya kahawia na umbo la tohe, nikasema ni tohe. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ndiyo, mgeni akapiga.

Tulipofika, alikuwa pongo, swala wa vichakani.

Wasio Wahaya wanielewe. Kila ukoo kwetu una muziro, mnyama ambaye humli, humuui, wala hugusi nyama yake. Muziro wetu ni pongo. Nilikaa chini mbali, wenzangu wakamchuna. Mmoja akanitania: "Umempiga babu yako, sasa salamu za familia atatoa nani?" Wakacheka, na mimi nikajilazimisha kucheka. Mwindaji bingwa alitoa taarifa kwa askari wa wanyamapori kama sheria inavyotaka, kampuni ikabeba adhabu, mimi nikarudishwa nyumbani kusubiri uamuzi.

Habari ilifika kwa tata kabla yangu. Tata ni Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, lakini muziro ni muziro. Nilikuta ana wageni. Akachukua kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazomkaribishia mtu, akakipitisha kwa kila aliyekaa. Kwangu hakikusimama. Wageni wakatazama miguu yao. Walipoondoka nilimweleza habari ya kioo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikuuliza umeona nini. Nauliza utarudi huko?"

Akasema Jumapili baada ya misa ya kwanza ukoo utakutana kwake, na nitamke mbele yao kwamba uwindaji nimeuacha. Nisipofika, nisikanyage tena kwake.

Sasa darubini. Akiba ya mke wangu inatosha kununua moja tu, na zipo mbili. Ya kwanza iko dukani Bukoba, mpya, kumi kwa ishirini na tano, yaani inakuza mara kumi na kioo cha mbele kina upana wa milimita ishirini na tano, safi, inaingia mfukoni. Lakini midomo yake, yaani hivyo vioo vya mbele, ni midogo, na wenzangu kambini wamenifundisha kwamba mdomo mdogo hauingizi mwanga wa alfajiri. Ya pili ni ya fundi mmoja wa boti, nane kwa arobaini na mbili, ya kampuni nzuri ila imetumika, na kwenye picha naona ukungu pembeni ya kioo kimoja. Sijui kama ni vumbi au kuvu. Lazima niishike mwenyewe. Huyo fundi yuko visiwani. Anaingia Kemondo Jumamosi usiku, na Jumapili saa moja asubuhi anaondoka kwenda Mwanza. Amesema nimfuate saa kumi na mbili. Ni saa ileile ya misa ya kwanza, na kutoka Kemondo sitawahi kikao cha ukoo.

Mke wangu anasema ninunue ile ndogo kesho, Jumapili niende misa, nitamke wanachotaka, na Jumatatu nipande gari. "Ukoo haulishi watoto," ameniambia. Lakini nikienda na ile ndogo nitakosea tena, na pongo wako wengi kule. Na sijawahi kumdanganya tata mbele ya watu.

Anayejua darubini aniambie: ukungu wa pembeni unasafishika, au utaenea mpaka katikati? Na aliyewahi kufungiwa mlango na baba yake aniambie kama ulifunguka. Leo ni Ijumaa. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kanisani au nitakuwa Kemondo. Nishaurini, niende wapi?