Nilikwenda Mbweni kujifunza kupumua, shangazi akadhani tumekufa

"Unaogopa nini hasa?"

Daktari aliniuliza hivyo baada ya vipimo vyote kutoka safi. Mapafu safi, moyo safi.

Wakuu, salaam. Kisa hiki siongezi chumvi, chenyewe kimekolea.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikapata kazi Dar. Tatizo ni kwamba sisi ni wa kisiwani, na kila nikifika bandari ya Malindi kupanda boti, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, nageuza nyumbani. Mara mbili hivyo. Ofisi wakaniambia Jumatatu nisipoonekana, nafasi anapewa mwingine.

Rafiki yangu akaniandikisha darasa la meditation na breathwork, yaani kutuliza akili na kupumua kwa mpango, kwenye hoteli moja Mbweni. Mimi ni mtu wa kuuliza ushahidi uko wapi, kwa hiyo nilikwenda shingo upande.

Mwalimu, dada mpole wa Moshi, akatunyoosha viungo taratibu. Akatufundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kuliko ilivyoingia.

Nikauliza kwa nini. Akajibu. Nikauliza tena.

"Dada, utauliza ukishaitoa hiyo pumzi."

Kisha tukalala chali kwenye mikeka, kwa safu. Akatufunika mashuka meupe hadi usoni kuzuia mwanga, akafukiza udi, akaanza kugonga bakuli la shaba. Mlio ukawa unazunguka chumba kizima.

(Kwa msiojua: kwetu ukimkuta mtu kalala chali, kafunikwa shuka jeupe na udi unafuka, huulizi anaendeleaje.)

Shangazi yangu aliyenilea, Bi Mwanaisha, alikuwa kaja kunichukua. Akafungua mlango.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Wote?!"

Nikafunua uso haraka. "Shangazi, mimi nipo."

Hapo ndipo alipopiga ukelele wenyewe.

Wakuu, nilicheka mpaka machozi. Mwalimu naye kaangusha kigongeo, hoi.

Shangazi alipotulia akaja juu. "Watu wazima na akili zenu mnajilaza kama mnasubiri kuoshwa! Wenye hoteli wanajua?"

Mwalimu akampa mkeka. Akakaa, lakini akaonya: "Shuka lako hilo usinisogezee, mwanangu. Mimi bado nipo nipo." Akapumua nasi mpaka mwisho, na njia nzima ya kurudi akawa ananikumbusha: "Toa! Mbona unaibania?"

Jumatatu nikapanda boti. Kifua kikaanza kubana. Nikatoa pumzi ndefu, nyingine, nyingine. Halafu nikakumbuka ile "Wote?!", nikacheka peke yangu mpaka jirani akahama siti.

Nikafika Dar.

Nilichojifunza: mwili unaweza kutulia kabla akili haijakubaliana na hoja. Ila hadi leo sijui kilichonisaidia ni pumzi, bakuli au kicheko. Wenye uzoefu tuelezeni, na wabishi wenzangu pia karibuni.

Na hili nimelijua mwaka huu tu, kwa binamu yangu: Jumatatu ile shangazi, ambaye huanza kutapika boti ikiwa bado gatini, alikata tiketi, akajitanda ushungi hadi machoni, akakaa siti za nyuma kabisa mpaka Dar. Aliponiona nimeshuka salama, akageuza na boti iliyofuata.