Vigingi vya Getini

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuficha atausema mwingine na kuutia chumvi. Nilipokuwa darasa la nne niling'oa vigingi vinne vya wapima ardhi nikavifanya magoli. Vilikuwa vinanuka rangi nyekundu mbichi iliyochanganyika na harufu ya mabibo yaliyooza, kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho, na eneo lote nyuma ya nyumba yetu, hapa Kilwa Masoko, lilikuwa mikorosho na mihogo mpaka pwani. Magoli yetu ya mawe yalitugombanisha kila jioni. Huyu anasema mpira umeingia, yule anasema umepita juu ya jiwe. Kigingi hakina ubishi. Tulicheza siku tatu kwa raha zote, ya nne tukasikia wapimaji wanarudi. Wenzangu wakatimua mbio, nikabaki peke yangu navirudisha kwa kukadiria na jicho. Jicho langu, muulize mwalimu wa hisabati, halijawahi kukadiria kitu kikawa.

Balaa ni kwamba viwili kati ya vile vilikuwa vinashika mpaka wa njia ya kwenda pwani, na aliyeipigania njia hiyo ni mama yangu, Bi Somoe. Viwanja vilipokuwa vinagawiwa alisimama kwenye mkutano wa mtaa akasema, "Uzeni mnachouza, lakini sisi tunaochokoa pweza na kuokota chaza maji yakitoka, tupite wapi? Turuke?" Watu wakacheka, wakamwachia njia ya upana wa wanawake wawili wenye ndoo kichwani. Mimi nikaifanya ya upana wa kuku mmoja, tena aliyekonda, na wapimaji wakaandika walichokikuta.

Ndipo ulipoanza huo mtaa tunaouita Getini. Malori ya saruji na vigae yakawa yanakata kona Nangurukuru na kuja kututimulia vumbi. Wa kwanza kujenga alikuwa bwana mmoja kutoka Dar es Salaam tuliyembatiza Mzee Geti, kwa sababu geti lake lilitangulia nyumba kwa karibu mwaka mzima. Geti jeusi, lina vichwa vya simba vya dhahabu, limesimama katikati ya mihogo, na mbuzi wanalipita pembeni bila hata kubisha hodi. Nikiwa darasa la tano ukuta ukafuata, na vipande vya chupa juu yake. Ukafuata moja kwa moja vigingi vyangu, na ile njia ya kuku nayo ikazibwa. Wakaja wengine na kuta zao, mbwa wao wanaokula nyama kuliko mimi, na majani yao yanayomwagiliwa maji mchana wa jua kali wakati sisi tumepanga foleni ya madumu bombani. Na kinachonichosha kabisa ni usemi wao mmoja: "Sisi tulipokuja hapa palikuwa pori." Pori! Pori lenye mihogo ya jirani yetu Bi Zamda, mistari imenyooka kuliko barabara yao? Maana barabara yenyewe imepinda palepale kwenye ukuta wa Mzee Geti, na wageni wakija huisifia ile kona, eti mhandisi ana ubunifu. Mhandisi nipo, namenya korosho, nameza mate.

Siku ukuta ulipoziba njia, mama alimfuata Mzee Geti mkutanoni, mbele ya watu wote. "Wewe ni mwizi wa njia!" Yule bwana akajibu taratibu, "Mama, nimejenga nilipokikuta kigingi." Mama akamcheka. "Kigingi kina miguu?" Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo, nikajisogeza nyuma ya mgongo wa Bi Zamda. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikudai pole, niliomba tu watu wasahau. Mama hakusahau. Zamani nilikuwa natoka nyumbani na bibo mkononi nikafika pwani kabla sijalimaliza. Sasa yeye na wenzake wanazunguka mtaa mzima wa kuta, wanabwekewa na mbwa, na wakifika wanakuta maji yameshaanza kurudi. Pweza hawangoji mtu azunguke.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, nimerudi likizo nikakuta mama na Bi Zamda wamekaa kibarazani wanapanga halbadiri, kile kisomo ambacho mwizi wa kuku akikisikia hurudisha kuku na mayai yake.

"Ijumaa, inshallah," mama akasema. "Na simtaji mtu. Yeyote aliyeihamisha njia yetu, awe tajiri, awe mpimaji, tumbo limvimbe."

"Amina," akaitikia Bi Zamda. "Na meno yamtoke."

"Yote?" nikauliza.

"Wewe yanakuhusu nini?"

Shuleni huwa najifanya siogopi kitu. Lakini mchana ule, mbele ya ugali na mchuzi wa pweza, nilijipapasa tumbo nikaliona limeshaanza. Mama akaniuliza, "Sefu, mbona huli?" Nikayamwaga yote, magoli, wapimaji, jicho langu, na kwamba Mzee Geti, pamoja na simba wake wote, hakuiba hata hatua moja. Nikaongeza kwamba nilikuwa mdogo. Hilo hakulisikia, au alilisikia akalidharau. Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia kupiga, akaghairi, akaivuta sahani yangu upande wake, akajifunga kanga vizuri, akasema:

"Miaka yote hii namwita mtu mzima mwizi, kumbe mwizi namlisha ugali. Nawa mikono, vaa shati lenye vifungo, twende tukamwombe radhi."