Cheni Kwenye Sufuria la Maharage

Juzi nimemkuta mdogo wangu Neema ameipindua baiskeli ya Baba, anaosha cheni kwa mafuta ya taa. Harufu ile ikanirudisha alasiri moja hapahapa Ipogolo, Neema akiwa bado ananyonya.

Baba alikuwa anajifua kwa mashindano, na kila Jumapili baada ya ibada aliifungua baiskeli yote sebuleni. Siku hiyo alikuwa ameloweka cheni kwenye sufuria la maharage, na Mama alikuwa ameshanuna.

Ghafla Neema akakakamaa mgongoni kwa Mama.

"Baba Tumaini, mtoto anawaka moto! Funga hilo lidude lako twende!"

Mvua ilikuwa imewafukuza bodaboda wote kijiweni, na hospitali iko juu mjini, kilima kizima. Baba akaichomoa cheni sufuriani, akaanza kuifunga baiskeli mbiombio. Nati ikabingirika chini ya kochi, nikaifuata kama panya.

Mimi nilijua ni mazoezi tu. Mama alipokaa kwenye keria na Baba akasimama juu ya pedali, cheni ikilia kwa ukavu, niliwakimbilia nyuma nikipiga makofi.

"Kaza, Baba! Lipite hilo lori!"

Mama akageuka, analia. Nikadhani anaogopa tutashindwa.

Walirudi kesho yake, Neema akipiga kelele za njaa. Mama akaliokota lile sufuria, akalitazama, akalirudisha kando ya pampu ya baiskeli. Hajalidai mpaka leo.