Jina Alilonitajia Mama Mkwe

Mimi hujisifu kwamba sipitwi na jambo. Tangu nioe, mama mkwe namwita Mama Hamisi, kama kijiji kizima cha Makote. Juzi, mke wangu akiwa amelala ndani na kichanga chetu, nilimwambia mama mkwe natafuta jina la kike la zamani, ila lisiwe limezagaa.

“Kuna Somoe,” alisema taratibu, huku akibangua korosho.

Nikacheka. “Mama, mtoto si ataota mvi kabla ya meno!”

Akachukua korosho nyingine. Nikaendelea kumtajia majina yangu, nikijiona bingwa, mpaka dada yake mkubwa alipofika kutoka Chiungutwa.

“Hodi! Somoe, mjukuu yuko wapi?”

Mama Hamisi akaweka korosho chini.

“Karibu, dada. Yumo ndani. Mkwe bado anamtafutia jina.”