Jina la Tatu

Wanaonifahamu wanasema mimi ni mwepesi wa hasira, na hawajakosea. Nilikulia Ulemo, katika nyumba ya wasichana saba, ambako asiyepaza sauti alilala na njaa. Nilipopangiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati moja ya kijijini huko Mkalama, nilikwenda na sauti hiyo hiyo, na kwa miaka mingi niliamini ndiyo inayofanya foleni iende.

Kisha wakaja wakaguzi kutoka wilayani wakapekua rejista zetu. Walikuta wagonjwa wameandikwa majina mawili, wengine moja. Nilisemwa mbele ya wenzangu kama mtoto wa shule. Wakaacha agizo kwamba kila mgonjwa aandikwe majina matatu, na mtoto aandikwe jina lake, la baba yake na la babu yake. Hawakusema asiye na majina matatu asitibiwe. Hilo niliongeza mwenyewe.

Wiki ile ile mganga wetu wa zahanati alisafiri, nikabaki peke yangu na mama wa usafi. Asubuhi alikuja binti mmoja wa Kitaturu, pengine hajafika miaka ishirini, ana bangili za shaba mikononi na mtoto mgongoni. Wataturu ni wafugaji, na makazi yao yalikuwa ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu. Kwetu walikuja mara chache, mambo yakishakuwa mabaya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Joto," alisema, akionyesha mgongoni. "Siku mbili."

Kadi ya mtoto hakuwa nayo. Nikafungua rejista. Akataja jina la mtoto. Akataja la baba yake, kwa sauti ya chini. Nikamuuliza la babu, akanyamaza.

"Baba wa mume wako," nikamwambia. "Anaitwa nani?"

Akatazama sakafu. Nikauliza tena kwa sauti ya kusikika nje. Wanawake waliokaa kwenye benchi wakaanza kucheka, na mmoja akasema huyu labda mtoto kamwokota njiani. Nami nikacheka pamoja nao. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba sikucheka, lakini nilicheka.

Mama wa usafi alikuwa mlangoni na fagio lake. Ni mtu mzima, nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi. Aliniambia kwa Kinyiramba, lugha yetu sisi wawili, ili yule binti asizidi kuaibika, kwamba wanawake wa Kitaturu hawataji jina la baba mkwe maisha yao yote, hata ufanyeje.

"Acha hapo wazi, mwanangu," akasema. "Mtibu mtoto."

"Mama, hapa ni serikalini," nikamjibu. "Mila zibaki nyumbani."

Nikamgeukia yule binti nikamwambia aende akamlete mtu wa kulitaja hilo jina. Nilidhani ni kiburi tu na kwamba akifika nje atalegea na kurudi. Kumbe alinielewa sawasawa. Akaikaza nguo iliyombeba mtoto, akaondoka. Sikuwa nimemgusa yule mtoto. Hata kiganja kwenye paji la uso wake sikuweka, na hicho ndicho kitu cha kwanza tulichofundishwa chuoni.

Niliendelea na wengine. Nakumbuka saa nne nilikunywa chai na kiazi kitamu, nikala vizuri.

Saa tisa na nusu nilikuwa nafunga dirisha la dawa waliporudi. Mbele alitangulia kijana, shemeji yake, mdogo wa mume, ameshika fimbo, vumbi limempanda mpaka magotini. Alisimama mlangoni, na kabla hata ya kunisalimia akayataja majina matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti iliyonyooka, kama mtu aliyetumwa ambaye njia nzima alihofia kusahau. Yule binti alisimama mbali, uso ameugeuzia pembeni, mpaka jina la tatu lilipokwisha kutajwa. Ndipo akasogea.

"Haya, mlete," nikasema.

Mimi mwenyewe nilimfungua mtoto kutoka mgongoni. Shingo ikaanguka. Alikuwa bado na joto, lakini lilikuwa joto la mgongo wa mama yake. Shemeji alisema wakati wa kurudi hapa zahanati, walipofika kwenye mashamba ya alizeti, mtoto alistukastuka, kisha akatulia, nao wakashukuru kwamba hatimaye amelala.

Nilijaribu yote niliyofundishwa, ingawa nilijua hayana kazi tena. Yule binti hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, si mtoto, akingoja nimwambie afanye nini kingine.

Kwenye rejista niliandika majina yote matatu kwa mwandiko mzuri, na mbele yake nikaandika: amefikishwa akiwa amefariki. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza kuhusu mstari ule. Mganga aliporudi nilimweleza kwamba homa ilikuwa kali na mama alichelewa kuja. Akasema hawa wafugaji ndivyo walivyo. Nikaitikia. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki pale pale tulipo na hakuinua kichwa. Tangu siku ile nikimwamkia huitikia marahaba, basi, anaendelea na kazi yake.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja hata jua lizame. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ni mke wa mtu. Baba mkwe wangu yuko Kiomboi, na tangu niolewe sijawahi kumwita kwa jina lake. Nikimwamkia nainama, akiwa anakula sikai mbele yake. Mtu angenisimamisha mbele ya wageni akaniamuru nimtaje mzee yule kama ninayeita mbuzi, ningekasirika mpaka nilie. Heshima nilikuwa naijua. Ya yule binti nikaiita ujinga kwa sababu haikuwa ya kwetu. Jina la mzee wao bado nalikumbuka, na sijawahi kulitamka kwa mtu.

Mwaka uliofuata yule binti alirudi, mjamzito. Nilimwona tangu yuko mbali. Wakati huo nilikwisha acha kuuliza jina la tatu kwa wanawake wao. Naacha wazi, wakaguzi wakisema waseme. Safari hii alikuwa na wifi yake, dada wa mume, ambaye alikuwa amesoma na alizungumza Kiswahili vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Kusema kweli nilikuwa nazitamani.

"Shikamoo," wifi akasema. Nilipoitikia, akaendelea: "Ameniomba nikwambie umsamehe. Siku ile alikuja bila mtu. Sasa nitakuja naye kila kliniki, jina nitalitaja mimi."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si la mwenzake. Nikamwambia nilipaswa kumtibu mtoto kwanza, na kwamba angepona pengine kama ningemshika tu nikasikia lile joto. Nililia mbele yao na sikujificha. Wifi aliyatafsiri maneno yangu taratibu, na wakazungumza kwa muda katika lugha yao, yule binti akitazama bangili zake.

"Anasema asante, una huruma," wifi akaniambia mwishoni. "Lakini anajua mtoto alikufa kwa sababu yeye alinyamaza."