Mbuzi Watatu wa Mheshimiwa Balozi

Fomu ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nasomea uhusiano wa kimataifa, mwaka wa mwisho, na nilikuwa naomba nafasi ya kujifunza kazi katika shirika moja kubwa la nje. Sehemu ya lugha niliijaza hadi pembeni: Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiarabu cha kuombea maji. Kibukusu, lugha ya kwetu, sikukiandika, maana nakielewa tu nikigombezwa. Kisha nikafika swali la tisa: "Eleza mazungumzo magumu kati ya jamii mbili uliyowahi kuyaongoza." Walikuwa wameacha mistari kumi, na mimi sikuwa na hata mmoja.

Wiki hiyohiyo kaka yangu Wafula akatangaza kwamba anakwenda kumposa Mueni, Mkamba wa Mukuru kwa Reuben. Walikuwa wamengoja miaka minne baba yake Mueni akubali kuonana nasi. Jamii mbili hizo! Nikajitolea kuwa msemaji kabla Wafula hajamaliza kusema, naye, maskini, akanishukuru: "Asante, Mheshimiwa Balozi."

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliondoka kwetu Njiru kwa pikapu ya jirani: mimi na tai yangu shingoni, Wafula, na Mama, ambaye anauza mboga na hajasomea uhusiano wowote. Baba yake Mueni alikuwa ameagiza kitu kimoja tu: mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kwanza wanaofungua posa ya Kikamba. Nilikuwa nimelitafakari suala hilo kitaalamu. Mbuzi hai wangechafua gari, na mwisho wa yote si watachinjwa tu?

Saa tatu tulisimama soko la Burma. Nikachagua mbuzi watatu waliochunwa vizuri, mwenye bucha akawafunga kwa karatasi safi na kunisifu kwamba nina jicho. Mama aliutazama mzigo.

"Barasa, hao mbuzi hawatembei."

"Mama, huku ni kurahisisha kazi."

Akakaza leso yake, akanyamaza. Mama akinyamaza hivyo, nyumbani kwetu kila mtu hutafuta pa kwenda.

Saa nne na nusu tulifika Mukuru. Mzee Mutua, baba yake Mueni, ni mchonga vinyago. Tulimkuta mlangoni akisugua shingo ya twiga kwa msasa. Nikamsalimu kwa Kikamba nilichojifunza kwenye simu, akaitikia, nami nikajipa alama kumi kwa kumi. Kisha nikafungua karatasi.

Akamweka twiga chini. "Hii ni nini?"

"Mbuzi wa ntheo, mzee. Watatu kamili."

"Kijana, nyama mimi naweza kujinunulia. Mbuzi ya ntheo inakuja na miguu yake, ikilia, majirani wasikie msichana wangu ameombwa. Hii yako italia saa ngapi?"

Nikaanza kueleza habari za maelewano na kuheshimiana. Wafula akanivuta koti. Nyuma ya pazia nilimwona Mueni amejifunika uso kwa viganja, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nione ile fomu, niliona aibu ya kweli. Miaka minne yao nilikuwa nimeifunga kwenye karatasi ya bucha.

Mama hakujitetea. Alikaa kwenye jiwe nje ya mlango, akavua viatu, akasema, "Mzee, huyu ni wangu. Nimemsomesha sana, nikasahau kumfunza. Tufukuze leo, lakini usitufungie mlango."

Mzee Mutua akamwokota twiga wake. "Rudini Jumamosi. Huyu wa tai ndiye atavuta mbuzi, kwa miguu. Mkikosea tena, tusijuane."

Tulirudi Njiru na nyama yetu. Tuliila na majirani siku tatu, na Wafula hakunisemesha hata kuomba chumvi.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu, pikapu ilitushusha mwanzo wa Eneo la Viwanda, nikakabidhiwa kamba tatu za mbuzi watatu hai. Mbuzi mmoja aligoma kwenye mtaro. Nilimbembeleza kwa Kiswahili, nikajaribu Kifaransa. Mama akamwambia neno moja la Kibukusu, mbuzi akavuka.

Wafanyakazi waliokuwa wakitoka zamu ya usiku walinizunguka. "Niaje, buda! Unaenda kuoa ama unafungua hoteli?"

"Si mimi, ni brathe!" nikajibu nikihema, nikimwonyesha kaka yangu kwa kidevu.

Mbuzi walilia njia nzima. Kina mama wakatoka milangoni wakiuliza, "Ni wa kwa nani?" na wengine wakawajibu, "Ni wa Mueni, yule wa Mutua!" Habari ilifika kabla yetu. Mzee alikuwa amesimama nje, shati jeupe, na majirani wamejaa kumpongeza. Alizipokea kamba kutoka mkononi mwangu, akazishika kwa furaha asiyoweza kuificha.

"Karibuni ndani," akasema. Mueni alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na Wafula akanipiga bega. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba viatu vyangu vilikuwa na samadi.

Jioni, Njiru, nilifungua tena swali la tisa. Nikaandika: "Niliyaongoza mara moja, yakavunjika. Mara ya pili waliongoza mama yangu na mbuzi watatu. Mimi nilishika kamba."

Kisha nikarudi juu kwenye sehemu ya lugha, nikabana nafasi pembeni, nikaongeza: Kibukusu, mwanafunzi.